Simu ya Siku ya Ngano

Mtaa wa Elm 418
Tollen, Kansas
11 Julai 1994

Kwa Bwana Wendell Koerner, Meneja wa Jiji

Bwana Koerner,

Ijumaa Marlys, karani wako, aliniletea ripoti ya kifo cha mume wangu. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili ukurasa wa tatu ulisema uongo uleule: "Mfanyakazi Leland Pruett aliondoka nyumbani bila kuagizwa na mtu yeyote, akaenda peke yake kinyume cha kanuni ya watu wawili."

Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi ya Juni, Siku ya Ngano, mji mzima ukiwa kwenye gwaride, saa tisa alasiri, na Leland alikuwa mapumzikoni. Alikuwa barazani akitia bawaba mpya kwenye mlango wa wavu. Bawaba mbili zilikuwa tayari, imebaki ya tatu. Simu ikalia, akaingia kuipokea. Nilikuwa kwenye sinki namenya viazi, hatua nne nyuma yake, na nilimsikia kwa masikio yangu: "Ndiyo, bwana. Peke yangu?" Akasikiliza. Halafu akasema, "Sawa, basi," akachukua funguo za lori la jiji.

Aliniambia Kijito cha Sorrel kimejaa kwa mvua ya mawe iliyonyesha huko juu, anakwenda kuweka vizuizi pale kivukoni barabara inapopita ndani ya maji, na atarudi kabla viazi havijaiva. Saa kumi na nusu walimtoa kwenye miti ya mierebi, maili moja chini ya kivuko.

Sasa niambie, mtu ambaye hakuagizwa humwuliza nani "peke yangu?" Kanuni ya watu wawili aliijua kuliko jina lake. Asingeivunja kwa hiari yake.

Nani alipiga simu, Bwana Koerner? Mimi nasema ni Duane Bohannon, msimamizi wake. Mwulize tena, na safari hii mtazame machoni.

Ardith Pruett

*

Ofisi ya Meneja wa Jiji
Tollen, Kansas
20 Julai 1994

Bi. Pruett,

Nimepokea barua yako ya tarehe 11 Julai. Kwa niaba ya Baraza la Jiji narudia pole zetu za dhati.

Wafanyakazi wote waliokuwa zamu siku ya tukio wamehojiwa, akiwemo Bwana Bohannon. Hakuna hata mmoja aliyempigia simu mume wako. Baraza liliipokea ripoti hiyo jana na imeambatanishwa na kumbukumbu za kikao. Itabaki kama ilivyo.

Raia yeyote anaruhusiwa kuzungumza mbele ya Baraza kwa dakika tatu, kila Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Barua hii, kama kila barua iingiayo au itokayo katika ofisi hii, ni kumbukumbu ya umma na nakala yake iko kwa Karani.

Wako katika utumishi,
Wendell Koerner
Meneja wa Jiji

*

Mtaa wa Elm 418
3 Juni 2009

Bwana Koerner,

Uliniambia nina dakika tatu na nimezitumia. Nimekuja kila Juni kwa miaka kumi na mitano, nikasimama kwenye kipaza sauti chenu chenye taa tatu, ya kijani, ya njano na nyekundu, kama vile mimi ni gari. Nimewaona mameya wanne wakiangalia saa zao. Wewe huangalii saa. Wewe huandika. Siku moja nilimwuliza Marlys huwa unaandika nini ninaposema, akaniambia hujawahi kumwonyesha.

Jana mmezindua jiwe mbele ya kituo cha zimamoto, la wafanyakazi wa jiji waliokufa kazini. Kuna majina sita. Kuna hata la yule bwana wa 1931 aliyepigwa teke na farasi wa jiji. La Leland halipo. Nilimwuliza Meya mbele ya watu, naye, masikini, akaona haya, akasema kanuni za jiwe zinamtoa mtu "aliyekufa akivunja taratibu za kazi."

Farasi yuko ndani, Leland yuko nje. Hongera kwa kazi nzuri.

Na Duane Bohannon alikuwepo, kofia mkononi, analia. Alinisogelea kunipa mkono. Nikauacha mkono wake ukining'inia hewani mbele ya mji mzima. Mkewe Lorene aliona. Na aone.

Ardith Pruett

*

Ofisi ya Meneja wa Jiji
12 Juni 2009

Bi. Pruett,

Nimepokea barua yako ya tarehe 3 Juni. Majina ya jiwe la kumbukumbu yalichaguliwa kwa vigezo vilivyopitishwa na Baraza. Ofisi hii haina mamlaka ya kuvibadilisha bila taarifa mpya kuhusu tukio husika.

Taarifa mpya hazijapatikana.

Wako katika utumishi,
Wendell Koerner

*

Mtaa wa Elm 418
23 Agosti 2021

Bwana Meneja,

Basi unastaafu Desemba. Miaka thelathini na mmoja! Nimesoma gazetini. Wameandika ulikuta barabara za changarawe ukaacha za lami, ulikuta bomba la maji machafu linamwagika mtoni ukaliziba, na kwamba hakuna jiji la ukubwa wetu Kansas nzima lililokaa na meneja mmoja muda mrefu hivyo. Sikatai. Taka zangu huchukuliwa kila Alhamisi, theluji husombwa kabla ya saa moja asubuhi. Nampa kila mtu haki yake, hata wewe.

Lakini ukurasa wa pili. Daraja jipya la Kijito cha Sorrel, palepale kwenye kivuko, watu wameomba liitwe Daraja la Koerner. Na wewe umesema umeguswa sana.

Umeguswa! Mahali alipofia mume wangu pawekwe jina lako kwa herufi za shaba, nami nilipite kila nikienda kununua mkate? Kivuko kile kiliombewa daraja tangu 1988. Ulikuja, ukaliweka kwenye mpango wa mwaka wa tano, ukalisogeza mwaka wa kumi, ukalisogeza tena, mpaka serikali ya jimbo ikawaonea aibu. Sasa ndilo la kukuvika kilemba.

Liandike jina la Leland kwenye lile jiwe kwanza. Halafu daraja liiteni mnavyotaka.

Ardith Pruett

*

Ofisi ya Meneja wa Jiji
1 Septemba 2021

Bi. Pruett,

Nimepokea barua yako ya tarehe 23 Agosti. Jina la daraja ni uamuzi wa Baraza, nami sikuliomba. Suala la jiwe lilijibiwa mwaka 2009.

Nimekusikiliza kila Juni kwa miaka mingi na naheshimu uvumilivu wako.

Wendell Koerner

*

Mtaa wa Elm 418
7 Septemba 2021

Bwana Meneja,

Heshima yako kaa nayo. Wewe unauma huku unapuliza, na mimi si mtoto.

Nakuandikia jambo moja tu, kisha nitanyamaza mpaka Juni. Duane Bohannon alipokufa Februari, ulisimama kanisani kwa Walutheri ukamsifu. Wameniambia ulisema hakuwahi kumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe asingekwenda. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani, nimefungua dirisha ingawa kulikuwa na barafu, ili nisikie kengele. Ilipolia nilifurahi, nasema kweli. Nikakata kipande cha keki nikala nimesimama. Nikasema, haya, Duane, nenda ukamweleze Leland ni nani alipiga simu.

Lorene aliniletea bakuli la tambi za kuoka mwaka 1994, wiki ya mazishi. Nilimrudishia likiwa halijaguswa. Alikuja tena Krismasi na biskuti, nikamfungia mlango usoni. Tulikuwa marafiki tangu darasa la pili, mimi na Lorene. Tumekaa mitaa miwili mbali kwa miaka ishirini na saba bila hata kusalimiana, na sijuti hata siku moja. Nataka ujue mwanamke unayemwandikia barua za mistari minne ana kifua cha namna gani.

Ardith Pruett

*

Nyumbani, Mtaa wa Cottonwood
19 Septemba 2021

Bi. Ardith,

Utaona karatasi hii haina nembo ya jiji. Sikumpa Marlys aipige chapa, na nakala haiko kwa Karani. Ifanye utakavyo.

Duane hakupiga simu. Niliipiga mimi.

Mtu wa ofisi ya sherifu alinifuata kwenye kituo cha zimamoto akasema maji yanapanda Sorrel na hakuna vizuizi. Wafanyakazi wote wa barabara walikuwa wanazuia magari Mtaa Mkuu kwa ajili ya gwaride. Duane alikuwa mwisho wa mtaa na farasi, hakujua lolote. Ningeweza kuwaondoa watu wawili pale. Lakini Diwani Whitlock alikuwa anapita na trekta lake la zamani, alishanigombeza mwaka uliotangulia kwa magari kuingilia gwaride lake, na Jumanne iliyofuata mkataba wangu ulikuwa unapigiwa kura. Wawili walikuwa upande wangu, wawili hawakuwa, na Whitlock alikuwa wa tano. Nilijiambia ni vizuizi viwili tu, ni dakika tano. Leland anakaa karibu na kijito. Nikachukua simu ya zimamoto.

Aliniuliza, "Peke yangu?" Nikamwambia maji bado hayajafika kwenye zege la kivuko, aende tu, aweke na kurudi. Sikuwa nimeyaona maji.

Ripoti niliiandika mimi. Nilipoandika kwamba wafanyakazi waliokuwa zamu wamehojiwa na hakuna aliyepiga simu, kila neno lilikuwa kweli. Nililipima. Mimi si mfanyakazi wa zamu, na hakuna aliyenihoji. Kura ilipita tatu kwa mbili.

Nilijua unamchukia Duane. Mwaka 1998 nilikuona dukani ukimgeuzia mgongo, akabaki na kikapu chake kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Ningeweza kusema. Nilinyamaza, kwa sababu hasira yako ilikuwa imeshapata pa kwenda na haikuwa kwangu. Nimekuwa meneja mzuri, nadhani. Nilibaki baadaye ili niwe meneja mzuri wa kutosha kulipia. Hesabu hiyo haijawahi kulingana.

Uliwahi kumwuliza Marlys huwa naandika nini unaposema. Naandika maneno yako, yote. Nina daftari.

Nilikuwa sijui kuhusu kengele na keki. Ndiyo sababu naandika.

Wendell Koerner

*

Mtaa wa Elm 418
22 Septemba 2021

Wendell Koerner,

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Mpaka saa kumi nilikuwa sijavua koti.

"Ndiyo, bwana." Leland hakuwahi kumwita Duane bwana hata siku moja. Walikuwa wakienda kuwinda kware pamoja, alikuwa akimwita Kichwa-Maji. Nimelibeba neno hilo miaka ishirini na saba, nimelisema mbele ya mameya wanne, na sikulisikia. Umenifanya kiziwi wa masikio yangu mwenyewe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, na uliitia lami.

Unajua ulichokiiba? Si Leland tu. Kijito kingeweza kumchukua Leland hata wakiwa wawili, hilo nalijua, nimeishi kando ya maji maisha yangu yote. Wewe ulimwua mara moja kwa simu, halafu ukakaa mezani ukamtukana akiwa maiti, ukamwita mvunja kanuni, ukala mshahara juu yake. Ukaniibia na Lorene. Ukaninywesha sumu kidogo kidogo kila Juni, dakika tatu tatu, huku umenikalia mbele na kalamu, unaniandika. Daftari! Kalichome moto hilo daftari.

Na Duane amekufa akiamini nina sababu ya kumchukia.

Nilikwenda kwa Lorene jana jioni. Nilibeba bakuli. Alifungua mlango, akalitazama bakuli, akanitazama. Nikamwambia hakuwa Duane. Akasema, "Najua hakuwa Duane, Ardith. Nilikuwa mke wake." Hakunikaribisha ndani. Bakuli alilipokea.

Sasa sikiliza. Barua hii haitoshi. Hunisafishii mume wangu kwenye karatasi isiyo na nembo, kama mtu anayemlipa mwanamke wa pembeni. Ulimchafua mbele ya Baraza, utamsafisha mbele ya Baraza. Kwa mdomo wako.

Ardith Pruett

*

Nyumbani
8 Novemba 2021

Bi. Ardith,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuja na jambo lililokamilika.

Liko kwenye ajenda ya tarehe 16 Novemba. Kipengele cha 4(c): "Masahihisho ya kumbukumbu za kikao cha 19 Julai 1994 na kiambatanisho chake." Ndani ya masahihisho hayo imeandikwa kwamba Leland Pruett alitumwa, kwamba alitumwa peke yake, na kwamba aliyemtuma ni mimi. Likipita, vigezo vya jiwe havimzuii tena, na fundi wa kuchonga ameshaarifiwa.

Nimeliweka kwenye orodha ya ridhaa, kwa hiyo litapita pamoja na mengine kwa kura moja, bila mabishano wala waandishi wa habari kukusumbua. Nadhani ndiyo njia ya staha kwetu sote.

Daraja liko kipengele cha 9, usiku huohuo. Nisingeweza kulitoa bila kueleza sababu.

Wendell

*

Mtaa wa Elm 418
10 Novemba 2021

Orodha ya ridhaa!

Unaniambia mimi? Nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni tangu 1994. Orodha ya ridhaa ndipo mnapoweka chumvi ya barabarani, matairi ya lori la taka na leseni ya bia ya uwanja wa besiboli. Meya husema, "Kuna pingamizi kwa kipengele cha nne? Hakuna, kimepita," na hapo bado watu wanatafuta viti. Kwa miaka thelathini na mmoja ukiwa na kitu hutaki kisikike, humo ndimo ulimokitupa. Ada ya maji ilipanda humo. Maktaba ilifungwa Jumamosi humo. Sasa na Leland naye humo, kati ya chumvi na matairi. Funika kombe mwanaharamu apite, halafu kipengele cha 9 tule keki yako ya daraja.

Ulimzika kwa karatasi, na sasa unataka kumfukua kwa karatasi, mtu asisikie hata mlio wa jembe.

Umesahau nani alinifundisha kanuni zenu. Kanuni ya 12: diwani yeyote anaweza kuomba kipengele kitolewe kwenye orodha ya ridhaa kijadiliwe peke yake, bila kutoa sababu. Nilikuwa kwa Diwani Yolanda Cisneros asubuhi, kwenye duka lake la maua. Nilimwonyesha barua yako ya Septemba. Alifunga duka ili aisome. Amechaguliwa majuzi tu, bado ana haya usoni. Ataomba.

Ardith Pruett

*

Nyumbani
13 Novemba 2021

Ardith,

Wakili wa jiji anasema kipengele kikijadiliwa sitaweza kusema nikiwa kwenye kiti changu, kwa kuwa si taarifa ya ofisi. Anataka nisiseme kabisa.

Mimi naogopa, lakini si kwa sababu yake. Joyce hajui. Tumeoana miaka arobaini na mmoja, na siku ile alikuwa kwenye gari la wazi kwenye gwaride, amevaa kofia ya majani, ananipungia mkono nikitoka zimamoto. Nakuomba, sikuombi kama meneja, mwambie Yolanda akiache kipengele kipite.

Wendell

*

Mtaa wa Elm 418
14 Novemba 2021

Mwambie Joyce kabla ya Jumanne. Mimi niliambiwa na polisi.

Ardith

*

Mtaa wa Elm 418
19 Novemba 2021

Wendell,

Umeniachia ujumbe kwenye simu mara mbili. Simu sitaki. Mambo yangu na wewe yamekuwa ya maandishi, na yaishe kwa maandishi.

Jumanne ulikuwa umetugeuzia mgongo, maana kipaza sauti kinatazama madiwani. Kwa hiyo nitakwambia ambacho hukukiona.

Yolanda aliposema, "Naomba 4(c) itoke," Marlys aliacha kupiga chapa. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake. Meya akakutazama wewe, wewe ukamtazama wakili, wakili akatikisa kichwa. Nikajua utakaa. Nilikuwa nimeshajiandaa utakaa, nilikuwa na maneno yangu tayari, machafu. Halafu ukainuka. Ukavua kile kibandiko cha jina, ukakiacha mezani, ukashuka ukasimama pale tunaposimama sisi. Taa ikawa ya kijani.

Na ukaanza kuzungumza kama meneja! Hali ya hewa ya Juni 1994. Idadi ya wafanyakazi wa idara. Historia ya kivuko. Nilitaka kukutupia kiatu. Taa ikawa ya njano, wewe bado uko kwenye mvua ya mawe. Ulipofika kwenye kituo cha zimamoto, ukasema, "Nikachukua simu," taa ikawa nyekundu. Meya, ambaye nadhani alimshukuru Mungu, akasema, "Asante, Bwana Koerner, muda wako umekwisha." Ukasimama pale umefunga mdomo, kwa sababu kanuni uliiandika wewe.

Nyuma yako mlangoni walikuwa wamesimama vijana wa idara ya barabara, tisa, na makoti yao ya machungwa, wametoka kupakia chumvi. Nani aliwaambia sijui. Safu ya tatu alikuwa Lorene, peke yake, na mkoba mapajani. Joyce alikuwa upande wa ukutani. Macho yake yalikuwa yamevimba, kwa hiyo najua ulimwambia.

Hapo ndipo niliposema, "Nampa dakika zangu tatu."

Umeniuliza kwenye simu kama ule ulikuwa msamaha, na sauti yako ilikuwa na matumaini. Haukuwa. Nilikuwa na dakika tatu za kukutukana mbele ya watu na nimezingoja nusu ya maisha yangu. Zilikuwa mali yangu pekee katika jengo lile. Lakini nikaona ukiishia pale ulipofika, mji ungetoka umesikia mvua ya mawe tu. Nilitaka umalize. Nilitaka Lorene asikie sehemu ya Duane kwa sauti yako, na wale vijana wasikie kwamba Leland aliuliza.

Na ulimaliza, hilo nakupa. Ulisema, "Aliniuliza, 'Peke yangu?' Nikamwambia ndiyo." Ulisema, "Nilimwacha Duane Bohannon abebe." Hukulia, na vizuri, ningekuchukia zaidi.

Kipengele cha 9 hukukiona kwa sababu ulitoka na Joyce. Meya alikiondoa. Keki ilikuwa pale na daraja la sukari juu yake, vijana wa barabara wakaila kwa mikono. Diwani mmoja, kijana mwenye nia njema, akasema basi daraja liitwe la Leland Pruett. Watu wakaanza kupiga makofi. Niliwaambia wanyamaze. Leland hakuhitaji daraja. Alihitaji mtu wa pili. Nikawaambia kama wanataka kumheshimu, wabandike ile kanuni ya watu wawili ndani ya kila lori, na chini yake waandike kwamba meneja naye haruhusiwi kuivunja. Marlys amesema imeingia kwenye kumbukumbu.

Jina limechongwa jana. Lipo chini ya yule wa farasi. Nilikwenda na Lorene. Njiani kurudi aliniomba chumvi ya kuyeyusha barafu ya barazani kwake, basi. Alipoona mlango wangu wa wavu unavyoburura chini aliuliza kwa nini sijawahi kutia bawaba ya tatu. Nikamwambia. Akasema atamleta mwanawe Jumapili na bisibisi. Sikumkatalia.

Wewe usiniandikie tena, wala usipige simu, wala usije na bakuli. Na usije kwenye kaburi lake Juni, pale ni pangu. Ukishastaafu ukawa na la kusema, njia unaijua. Jumanne ya kwanza na ya tatu. Utakaa kwenye kiti utakachokuta wazi, utajiandikisha kwa Marlys kama sisi wote, na utakuwa na dakika tatu.

Nitakuwepo, kiti cha pili kutoka mlangoni. Zangu sitakupa tena.

Ardith Pruett